Geji ya Tangi la Propani Ikigoma: Dhana Potofu na Ukweli

Wiki hii mteja wa tatu amenijia na ombi lile lile: nimwage gesi yote iliyomo katika tangi la gari-nyumba lake, kisha nilifungue, kwa sababu mshale wa geji, yaani kipimo cha gesi iliyobaki, umeganda kwenye robo. Mmoja wao alikuwa amekwisha kutia spana kwenye bolti zinazozunguka kichwa cha geji, na nilipoinama chini ya gari nilikuta bolti moja imelegea nusu mzunguko. Nilipaka maji ya sabuni kwenye ukingo wote na, namshukuru Mungu, hapakutokea povu; gasketi, ule mpira wa kuziba kiungo, ilikuwa bado imeshika.

Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa kuwa wengine huwapotezea gesi na siku za safari bure, na wengine huwapeleka kwenye bolti ambazo hazipaswi kuguswa tangi likiwa na presha. Ukweli ni kwamba geji ya tangi lililofungwa chini ya gari ina sehemu mbili zinazotenganishwa na ukuta wa metali isiyoshikwa na sumaku. Ndani kuna boya kwenye mkono mrefu. Boya linapopanda au kushuka pamoja na kimiminika, gia ndogo huzungusha fimbo yenye sumaku kwenye ncha yake. Nje kuna uso wa geji, na mshale wake una sumaku inayofuata ile ya ndani. Hakuna tundu baina yao, na gesi haina pa kupita.

Uso huo hushikwa na skrubu mbili ndogo tu, na ukizitoa hujafungua tangi. Utoe, uupindue, kisha upitishe sumaku ndogo nyuma yake. Mshale ukigoma, uso umekufa, nao hubadilishwa kwa bisibisi na dakika chache, mradi uso mpya uwe wa aina na ukubwa unaolingana na kichwa cha geji. Mshale ukifuata sumaku vizuri, tatizo limo ndani, kwenye boya au gia zake, na hapo ndipo tangi humwagwa na fundi mwenye kibali, gasketi mpya ikawekwa na uvujaji ukapimwa. Nawasihi wateja: skrubu mbili ndogo ni zenu, bolti kubwa si zenu.

Wengine huamini kwamba geji hii hupima presha, kwa hiyo mshale ukikwama hununua regulata mpya, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi. Presha ya propani hufuata joto, si wingi wake: kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi huwa karibu baa 7 juu ya presha ya hewa, liwe tangi limejaa au limebaki na robo, hadi kimiminika kiishe. Asiyeamini geji yake na amwagie maji ya moto ubavu wa tangi, kisha apitishe kiganja kutoka juu kwenda chini. Mahali chuma kinapogeuka baridi ghafla ndipo kimiminika kilipofikia.

Mshale kusimama kwenye asilimia 80 baada ya kujaza si hitilafu. Tangi halijazwi zaidi ya hapo, kwa sababu propani hutanuka sana ikipata joto na inahitaji nafasi.

Kugonga tangi kwa nyundo ili boya lilegee, hapana kabisa. Chombo chenye presha hakigongwi.

Mwisho, taa za paneli iliyo ndani ya gari, zinazoonyesha kiasi cha gesi, zikidanganya haimaanishi kwamba geji imeharibika. Linganisheni kwanza na mshale ulioko kwenye tangi lenyewe. Mshale ukisema kweli na paneli ikasema uongo, pimeni ukinzani wa umeme kwenye nyaya za kihisi kinachopeleka kipimo kwenye paneli, ambao kwa aina iliyozoeleka hutoka karibu omu 0 tangi likiwa tupu hadi karibu 90 likiwa limejaa, kisha fuateni waya wa ardhi hadi unapofungwa kwenye chasisi. Chini kule hurushiwa maji na tope mwaka mzima, na mara nyingi nimekuta kutu ya kijani kwenye kiungo hicho, nikaisugua kwa msasa, na paneli ikarudi kusoma sawasawa.