Takwimu bima: shahada yenyewe na safari ya kuwa mtaalamu

Takwimu bima ni taaluma ya kukadiria kwa hesabu malipo ya siku zijazo ambayo hakuna ajuaye kwa hakika yatahitajika lini wala yatafikia kiasi gani: ya vifo, maradhi, ajali, moto, na hata ya miaka ambayo mstaafu ataendelea kupokea pensheni.

Shahada yake, inayofundishwa kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi, imejengwa juu ya probabiliti (hesabu ya uwezekano wa jambo kutokea) na riba ambatani (riba inayozaa riba). Tuseme watu 1,000 wenye umri wa miaka 40 wanakata bima ya maisha ya mwaka mmoja, ya shilingi milioni 10 kwa kila mmoja, na jedwali la vifo linaonyesha kwamba katika kila watu 1,000 wa umri huo hufariki 3 kwa mwaka. Kampuni itahitaji milioni 30 za kuwalipa warithi, yaani shilingi 30,000 kutoka kwa kila mteja, kabla ya kuhesabu gharama za uendeshaji. Lakini milioni 10 zitakazolipwa baada ya miaka 20, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, leo zina thamani ya takriban milioni 2.15 tu, kwani kiasi hicho kikiwekezwa leo ndicho kitakachokua hadi kufikia milioni 10. Hesabu hizo mbili zikiunganishwa ndipo inapowezekana kufanya tathmini ya uhai wa mfuko wa pensheni, yaani kupima kama michango na vitega uchumi vitatosha kulipa mafao ya wanachama ambao leo bado ni vijana kazini.

Hesabu za namna hii zinategemea pia kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko; kwa hiyo anayeikariri katika mwaka wa kwanza ili avuke mtihani tu anajinyima sana, kwani masomo yote mazito ya baadaye huirudia.

Jambo ambalo waombaji wengi hawaelezwi mapema ni kwamba shahada pekee haimfanyi mhitimu kuwa mtakwimu bima kamili. Hufuata mitihani ya vyama vya kitaaluma, kama Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza au Society of Actuaries ya Marekani, ambayo wengi huifanya kwa miaka kadhaa huku wakiwa wameajiriwa. Chuo ambacho mtaala wake umekubaliwa na chama cha namna hiyo kinaweza kumwezesha mwanafunzi aliyefaulu vizuri kusamehewa baadhi ya mitihani ya mwanzo, na ni busara mwombaji aulize, kabla ya kuchagua chuo, ni mitihani ipi hasa na kwa alama zipi.