Mita sitini hupimwa kutoka ukingo wa mto, si kutoka kwenye maji ya kiangazi

Kila mwaka kiangazi kinapoelekea ukingoni na mvua za vuli kukaribia, ofisi za mipango miji hapa Dar es Salaam hupokea malalamiko ya wananchi waliopewa notisi kwa kujenga kando ya mito, ndani ya mita sitini ambazo sheria inazikataza, na mwaka huu malalamiko hayo yameongezeka. Wengi wanaokuja si wakorofi. Ni watu waliotumia akiba ya miaka mingi kununua eneo, wakajenga msingi, kisha wakakuta alama nyekundu ukutani. Nawaandikia hao, na zaidi wale ambao bado hawajatoa fedha zao.

Mwezi wa nane tulikwenda kukagua eneo lililo kando ya Mto Msimbazi, ambako mzee mmoja alikuwa anataka kumjengea mwanawe. Kijana alikwishapima kwa futi kamba, akapata mita sitini na mbili, na akaonyesha kwa furaha mahali alipoanzia, yaani pembeni ya kijito cha maji ambacho siku ile mtoto angeweza kukiruka. Nilimwomba ainue macho. Kwenye matawi ya mti uliokuwa hatua chache nyuma yetu kulikuwa na vitambaa, vipande vya nailoni na majani makavu vimenasa juu kuliko kichwa changu. Hapo ndipo maji yalipofika wakati wa masika. Tulipopima upya kuanzia ukingo wenyewe, kona ya msingi ilikuwa mita arobaini na moja.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au wa ziwa la asili, na kandokando ya bwawa la maji, shughuli za kudumu za binadamu pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Kabla yake, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ilikwishaitaja ardhi iliyo ndani ya mita sitini hizo miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Kwa hiyo anayesema kwamba kanuni hii imezuka juzi kwa ajili ya mradi fulani anajipotosha na kuwapotosha majirani zake.

Sababu yake haihitaji maneno mengi kwa mtu aliyekuwa hapa Desemba 2011, mvua zilipovunja rekodi iliyodumu tangu 1954, watu zaidi ya arobaini wakapoteza maisha na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mkoa uliokuwa na watu 843,090 katika sensa ya 1978 ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022. Kila paa na kila yadi ya zege inayoongezeka kuanzia miinuko ya Pugu kushuka hadi Jangwani hupeleka mtoni maji ambayo zamani yalinywewa na udongo, na mvua za siku hizi hushuka kwa wingi ndani ya saa chache. Mto ule ule unabebeshwa mzigo mkubwa kuliko wa zamani, nasi tunaupunguzia njia.

Hoja tunayoisikia kila siku, na ambayo nakiri inachosha, ni ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mwananchi anasema anakatwa kodi ya jengo kila mwezi anaponunua umeme, hivyo Serikali imeitambua nyumba yake. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia mita ya umeme, na mita haijui kama nyumba iko bondeni au kilimani. Kulipa kodi hakugeuzi mchoro wa mipango miji, wala hakuchukui nafasi ya kibali cha ujenzi. Ndivyo ilivyo pia kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa: mwenyekiti ameshuhudia kwamba fulani amempa fulani fedha, basi. Hajapima, hajasajili, na hana mamlaka ya kuruhusu ujenzi mahali sheria ilipoukataza.

Wapo pia wanaojaza kifusi, matairi na viroba vya mchanga ili kuinua kiwanja. Naomba hili lieleweke vizuri, kwa kuwa linaumiza watu wengine. Mto uliobanwa upande mmoja hula upande wa pili, na nyumba inayoanguka huwa ya jirani aliye ng'ambo ambaye hakujaza chochote. Anayebainika anaweza kupewa amri ya kurejesha mazingira, maana yake atoe kifusi hicho kwa gharama zake, na akikaidi atafikishwa mahakamani.

Sasa kuhusu fidia. Katika Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaotekelezwa kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, wakazi walifanyiwa tathmini na kulipwa, na tangu hapo imeenea dhana kwamba kila bonde litalipwa, hata wengine wanajenga vibanda wakisubiri. Hilo halipo. Tathmini ya mradi huwa na tarehe ya ukomo, na chochote kinachojengwa au kupandwa baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi. Pale tathmini inapofanyika kihalali, mthamini hufika akiwa na kiongozi wa mtaa, hupima jengo, huhesabu vyumba na mazao, humpiga picha mmiliki akiwa na namba yake mbele ya nyumba, kisha fomu hutiwa saini na wote. Msisaini fomu ambayo hamjaisoma, na hakikisheni jina lililoandikwa linafanana na la kitambulisho cha taifa na la akaunti ya benki, kwa sababu herufi moja tu imewahi kuchelewesha malipo ya watu.

Kwa mujibu wa kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001, fidia kamili hujumuisha thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokadiriwa kwa gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya mwezi mmoja mara 36, pamoja na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Eneo ambalo hakuna anayeishi halina posho ya usafiri. Taarifa ya uthamini lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na uhai wake ni miaka miwili. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, mlipwaji anastahili riba, na ana haki ya kuidai kwa maandishi bila kumwogopa mtu.

Kwa anayetaka kununua, utaratibu ni huu. Mwombe muuzaji namba ya kiwanja na kitalu, uende nazo ofisi ya ardhi ufanyiwe upekuzi wa kumbukumbu za umiliki kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika nafasi. Mwombe afisa mipango miji akuonyeshe eneo hilo kwenye mchoro, kisha mwende na mpima mkazione bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Kama muuzaji hana namba na anakuambia mtaa mzima unaishi hivyo hivyo, zungumza na wapangaji wa nyumba za karibu, uwaulize maji yalifika wapi mwezi wa nne. Wao hawauzi kitu.

Yule mzee alinyamaza kwa muda mrefu tulipomsomea kipimo. Kisha alimwambia mwanawe akatafute sepetu, na kabla hatujaondoka walikuwa wameanza kufukia mashimo ya msingi.