Kabla hujaulaumu mtandao: dhana potofu kuhusu programu zinazogoma

Kijana ametengeneza programu ya kurekodi kilo za zabibu za wakulima wa Hombolo. Kwake mjini Dodoma inakwenda vizuri. Karani wa mizani akiifungua, orodha ya wakulima inakuja tupu. "Mtandao wa huko unasumbua," anasema kijana. Akiambiwa karani anapiga simu ya video hapohapo, anageukia simu: "Basi ni hizi simu za Kichina."

Huenda si mtandao wala simu. Kama ametumia Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu, afungue AndroidManifest.xml, faili linalotaja ruhusa ambazo programu inaziomba kwa simu. Flutter huweka ruhusa ya intaneti kwenye faili la toleo la majaribio, kwa kuwa zana zake zenyewe zinaihitaji ili ziwasiliane na simu inayojaribiwa. Faili kuu, ambalo ndilo linaloingia kwenye toleo la kusambaza, halina ruhusa hiyo mpaka uiandike mwenyewe. Ndiyo maana wewe uliyechomeka simu kwa waya unaona kila kitu, na karani aliyepewa APK (faili la kusakinisha programu) haoni kitu hata akikaa chini ya mnara. Dawa ni mstari mmoja wa android.permission.INTERNET ndani ya faili kuu.

Ruhusa ipo na bado kimya? Soma anwani ya seva, ile kompyuta inayotunza data ya programu. Kama inaanza na http badala ya https, kumbuka kwamba tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu zilizolenga toleo hilo na yaliyofuata huzuiwa kutuma data isiyosimbwa (inayosafiri wazi bila kufichwa), labda mtengenezaji aruhusu mwenyewe. Kama imeandikwa localhost, yaani "kifaa hikihiki", simu inajitafuta yenyewe, haiitafuti kompyuta yako. Emuleta ya Android (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) huifikia kompyuta kwa 10.0.2.2, simu halisi inataka anwani ya IP ya kompyuta, zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja. Bando la simu halisaidii hapo.

"Ikijifunga, ifute uisakinishe upya." Ushauri huu ni maarufu na ni mbaya. Ukifuta, kilo ambazo hazijafika kwenye seva zinaweza kupotea, na ushahidi wa kosa unakwenda nazo. Chomeka waya, fungua Logcat, dirisha linaloonyesha kumbukumbu za simu, rudia kitendo kilekile. Kwenye Java na Kotlin maandishi mekundu huwa marefu, na wengi huishia mstari wa kwanza. Shuka mpaka "Caused by" ya mwisho, kisha tafuta mstari wenye jina la faili lako. (Kuna wanaoweka catch tupu, msimbo unaolidaka kosa bila kulishughulikia, ili wekundu upotee. Huko ni kuficha mgonjwa.)

Picha inaonekana Windows lakini Android haipo: Windows kwa kawaida haitofautishi Nembo.png na nembo.png, Android inatofautisha. Andika jina lilelile, yamekwisha.

"Kwangu inafanya kazi, kompyuta ya mteja ndiyo mbovu." Programu ya mauzo ya duka la pembejeo inagoma kuhifadhi, kumbe hifadhidata imewekwa ndani ya Program Files, folda ya Windows ya programu zilizosakinishwa, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Kwako ilikubali kwa sababu uliiendesha kutoka kwenye folda ya mradi. Ihamishie AppData, folda ya data ya mtumiaji mwenyewe. Kumwambia muuza duka aifungue kama msimamizi kila asubuhi ni uvivu wako unaomtwisha yeye.

Halafu kuna hili la "saa ya seva imeharibika". Tiketi imekatwa saa nane usiku stendi ya Nanenane, ripoti inaiweka siku ya jana. Saa ni nzima. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na Tanzania iko saa 3 mbele, kwa hiyo mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanarudi nyuma siku moja. Acha hifadhidata ibaki na UTC, ugeuze kwa kanda ya Africa/Dar_es_Salaam unapoonyesha na unapojumlisha siku. Usijumlishe 3 kwa mkono ndani ya msimbo: simu nayo ikishajigeuzia muda, tiketi ya saa nane usiku itasomeka saa kumi na moja alfajiri.