Maikro-RNA huzuia jeni gani, na maabara hujuaje? Maswali kutoka Lamu

Maswali haya yaliulizwa baada ya mazungumzo ya afya ya ini hapa Lamu, mengi na wanafunzi wa sayansi, la mwisho na mzee mmoja.

Maikro-RNA ni nini?
Ni kipande kifupi cha RNA (nakala ambayo seli huitoa kwenye jeni), chenye herufi za kikemikali kama 22 tu. Hakitengenezi protini; huzuia jeni nyingine zisitoe protini kupita kiasi. Victor Ambros na Gary Ruvkun waligundua ya kwanza kwenye mnyoo mdogo, wakaitangaza mwaka 1993. Nobel waliipata 2024.

Kwa nini ni vigumu kujua inazuia jeni ipi?
Kwa sababu mara nyingi hutosha herufi ya pili hadi ya nane zioane na RNA ya jeni husika. Mfuatano mfupi hivyo umejaa kila mahali. Kompyuta itakupa orodha ya mamia ya jeni, na kwangu hizo ni fununu tu.

Maabara hufanyaje basi?
Seli humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno ili RNA zing'ang'anie Agonauti, protini inayobeba maikro-RNA. Kisha kingamwili huivuta protini hiyo na vyote ilivyonasa, RNA zikasomwa. Ila ni kama juya, halichagui: kugusana si kuzuia.

Ndipo huja kimulimuli. Jeni inayompa mdudu huyu mwanga huunganishwa na kipande cha mwisho cha RNA ya jeni inayoshukiwa, vikatiwa kwenye seli pamoja na maikro-RNA. Mwanga ukififia, huenda jeni imezuiwa, ila usishangilie bado. Mtaalamu hubadilisha herufi chache pale zinapooana, akarudia. Mwanga usipofifia tena, hapo amepata kitu. Utafiti ulioruka hatua hii siuamini sana. Halafu apime protini yenyewe kwenye seli ambamo maikro-RNA imezimwa.

Mgonjwa anafaidika vipi?
Ini lina maikro-RNA iitwayo miR-122. Virusi vya homa ya ini C hushikana nayo, na badala ya kuzuiwa, huitumia kuzaliana! Dawa ya majaribio, miravirsen, iliizima, na virusi vikapungua kwa wagonjwa.

Bwana daktari, naweza kupimwa hivyo?
Hapana, mzee wangu. Hizo ni njia za utafiti. Ukiwa na wasiwasi na ini lako, omba hospitalini kipimo cha damu cha homa ya ini B na C.