Kinahuatl na Kiswahili si ndugu

Wapo wanaochukua *nimitztlazohtla* ya Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, wakaiweka kando ya "ninakupenda" na kutangaza kwamba lugha hizi zina asili moja. Mfanano unavutia kweli: *ni-* ni mimi, *mitz-* ni wewe unayependwa, kisha unakuja mzizi wa kupenda. Lakini undugu wa lugha hauthibitishwi hivyo. Lugha nyingi zisizohusiana hutanguliza viambishi vya nafsi, na silabi fupi kama *ni* hukutana kwa bahati tu.

Chunguza zaidi uone. *Ti-* ya Kinahuatl ni "wewe" na pia ni "sisi". Wakati ujao sisi huuweka katikati, "nitalala". Wao huuweka mwishoni, *nicochiz*. Tena kitenzi chao huweza kumeza nomino: *ninacacua* ni "nala nyama", na hiyo nyama, *naca*, imo ndani ya kitenzi chenyewe! Huo ni ufundi wa kupendeza ambao Kiswahili hakina. Ngeli zetu nazo, ki- na vi-, m- na mi-, wao hawana.

Ndugu halisi wa Kinahuatl ni Kihopi cha Arizona na Kihuichol cha Meksiko. Undugu hujitokeza katika maneno ya msingi ambayo sauti zake hulingana kwa utaratibu. Tatu yetu ni *-thathu* kwa Kizulu na *-tatũ* kwa Kikuyu. Kwa Kinahuatl ni *yei*.