Usizime masasisho ili kuokoa bando

Kwenye steshenari na ofisi nyingi ndogo za Dar es Salaam, fundi akishaweka Windows huzima masasisho (updates) ili kompyuta isimalize bando. Mteja hushukuru. Mimi nikiikuta mashine ya namna hiyo, huwa naanza kwa kuyawasha.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na hutaja kasoro zilizozibwa. Wadukuzi nao husoma. Hulinganisha faili la zamani na jipya, wakajua tundu lilikuwa wapi, kisha husaka mashine ambazo bado hazijazibwa. Aliyezima masasisho, hatari yake huongezeka siku ile dawa inapotoka.

Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro moja ya Windows. Mei 12, karibu miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo na kufunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Hakikusubiri mtu abofye kiambatisho. Kilijisambaza chenyewe kwenye mtandao. Kwa hiyo "mimi sifungui vitu vya ajabu" haitoshi kuwa kinga.

Hoja ya bando ni ya kweli, ila ina ufumbuzi. Ukitumia intaneti ya simu, iwekee Windows mpangilio wa intaneti inayolipiwa kwa kipimo. Mengi hayatapakuliwa yenyewe. Kisha, angalau mara moja kwa mwezi, peleka laptopu penye Wi-Fi isiyo na kikomo uyapakue mwenyewe. Ofisi yenye kompyuta kadhaa iruhusu zigawiane masasisho ndani ya mtandao wake, badala ya kila moja kuyavuta upya kutoka nje. Umeme je? Laptopu iwe na chaji ya kutosha. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, isubiri umeme utulie.

Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kupewa masasisho Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu au sehemu ya usalama ndani ya kompyuta, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine nyingi za mtumba hazifiki hapo, hata kama muuzaji amezilazimisha zikaikubali Windows 11. Ukienda Kariakoo, ulizia kizazi cha prosesa kabla ya kuulizia bei. Uliyonayo ikigoma, Linux, mfumo wa kompyuta unaowekwa badala ya Windows, ni ya bure na inasasishwa.