Maua ya msimu: maana yake, na namna mwaka wa Lamu unavyoyapokezana

Maua ya msimu ni maua yanayooteshwa karibu na pale yatakapovaliwa au kutiwa chomboni, na kuchumwa wakati wake mwenyewe wa kuchanua. Anayetaka kuwa nayo mwaka mzima halilazimishi ua moja litoke miezi yote kumi na miwili. Hupanda aina kadhaa zinazopokezana: hii ikipumzika, ile inaanza kutoa vichwa.

Wakenya wengi wakisikia kilimo cha maua hufikiria Naivasha. Huko, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mawaridi hukuzwa mabandani, hunyweshwa kwa mipira, na hupelekwa Ulaya kwa ndege. Kazi hiyo inalisha familia nyingi, wala siibezi. Lakini waridi lake la Januari na la Julai ni lile lile, na huko yanakopelekwa wamejitokeza wakulima wadogo wanaotaka watu wao wavione tena vipindi vya mwaka katika maua. Waingereza wana umoja wao wa wakulima hao, Flowers from the Farm, tangu 2011. Wao huzuiwa na baridi kali. Sisi wa Lamu tuna upepo, chumvi na kiangazi.

Na sisi tunacho kikuba. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa dhana hii. Kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani yanayonukia, ambacho mwanamke hukivaa kifuani au nyweleni. Ndani yake huingia asumini, rehani, langilangi, kilua na vipande vya mkadi, lakini si lazima vyote vikutane. Mfungaji hodari hutazama kwanza kilichopo leo. Asumini zikijaa, huziacha zitawale. Zikiadimika, huzidisha rehani, na harufu ya kikuba hubadilika pamoja na mwaka. Mkilua, hasa, ni mti wa nyumbani. Huota wenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na tangu 1970 wataalamu wa mimea wanautambua kwa jina la Mkilua fragrans. Inaniuma kuona maua ya plastiki yakipamba harusi zetu ilhali mti kama huu ungeweza kuota nyuma ya nyumba.

Mwaka wenyewe huenda hivi. Masika, kuanzia Aprili, ni wakati wa kupanda na wa majani kushamiri. Mvua ikipiga sana, maua yaliyofunguka huoza haraka. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikikaza na kipupwe kikaingia, asumini hupunguza mwendo, na mrehani ndio unaokubeba, mradi uuvunje ncha kabla haujatia mbegu. Kuanzia Demani, Kusi inapolegea, joto hurudi, na vuli ikileta mvua kidogo mimea huamka. Hapo ndipo pa kupanda mbegu za zinia na alizeti kwa ajili ya chomboni. Zinia huchukua wiki 8 hadi 10 kuchanua, kwa hiyo ya Novemba utaichuma Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma. Usizimwage mbegu zote siku moja. Panda kidogo, ngoja wiki 2 au 3, panda tena. Kaskazi ni jua kali, lakini asumini hulipenda joto ukiipa maji, na bogenvilia hazijali ukame hata kidogo.

Jambo moja linahitaji hesabu. Maua hufuata jua, sikukuu zetu hufuata mwezi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka, na huzunguka misimu yote kwa miaka 33 au karibu yake. Mwaka 2015 uliangukia Desemba, Kaskazi ikiingia; mwaka 2025 ukaangukia Agosti na Septemba. Kwa hiyo mama aliyefunga vikuba vya Maulidi ya utotoni mwake hakuwa na maua yale yale ya bintiye leo. Anayetaka asumini kwa sikukuu fulani na atazame kalenda zote mbili, kisha apogoe mapema, kwa sababu asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya.

Kinachoua bustani nyingi hapa ni chumvi. Maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vina maji ya chumvichumvi yanayounguza ncha za majani. Kinga maji ya mvua kwenye birika au pipa, uyaweke kwa ajili ya maua. Ukiwa na kiwanda cha ndani, yaani uwanja ulio katikati ya nyumba, una bahati: kuta za nyumba ya mawe huzuia upepo wa bahari, na mtungi mmoja wenye udongo uliochanganywa na samadi unatosha asumini.

Kuchuma nako kuna wakati wake. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, zikafungwa katika jani la mgomba au kitambaa kibichi. Zitafunguka zenyewe usiku, na hapo ndipo zinaponukia. Langilangi lichume alfajiri, likiwa limegeuka manjano. Komoro, ambako mafuta yake hutengenezwa kwa wingi, huukata mti kilele ili usimpite mchumaji. Zinia haiendelei kufunguka baada ya kukatwa, basi shika shina na ulitikise: likilegea, bado, likisimama imara, kata. Ondoa majani yatakayozama majini, badilisha maji kila siku, na usiweke chombo karibu na maembe au ndizi zilizoiva, maana hutoa hewa inayozeesha maua.

Anayeanza na aanze na asumini na mrehani. Mwombe jirani kijiti cha asumini chenye vifundo vitatu au vinne, ukipande masika, kifundo kimoja au viwili vikiwa ndani ya udongo, kivulini, na usiuache udongo ukauke mpaka machipukizi yatokeze.